Spika Asiye na Simu

Wakenya wa majuu wana usemi wanaoupenda wakirudi nyumbani Desemba: kule hakuna chai. Askari wa trafiki anakuandikia tikiti, hagusi noti. Ni kweli. Lakini Mkenya wa Chicago, jimboni Illinois, analipa bili ya stima kwa ComEd kila mwezi, na sheria zilizoipa kampuni hiyo nafasi ya kurudisha gharama zake kupitia bili hiyo zilipita mikononi mwa mtu ambaye leo ni mfungwa.

Michael Madigan alizaliwa 1942. Aliingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois Januari 1971 na kutoka Februari 2021. Kuanzia 1983 alikuwa Spika, akikikosa kiti miaka miwili tu, 1995 hadi 1997, Warepublican walipopata wingi. Katika historia ya Marekani hakuna kiongozi wa bunge la jimbo aliyedumu hivyo. Hakuwa na simu ya mkononi wala barua pepe, na chakula chake cha mchana kilikuwa tufaha lililokatwa vipande. Aliyezoea waheshimiwa wetu, wenye misafara na ving'ora, angempita bila kugeuka.

Kwa katiba yetu ya 2010, Spika wa Bunge la Taifa si mbunge; anachaguliwa kutoka nje ili awe refa. Illinois, Spika ana eneo lake la uwakilishi na anapiga kura, na Madigan aliongeza uenyekiti wa chama cha Democratic jimboni kutoka 1998 hadi 2021. Refa, nahodha na mshika pesa za timu ni mtu mmoja. Mbunge aliyemkasirisha alijua uchaguzi ujao atajitafutia hela za kampeni mwenyewe.

Nguvu yenyewe ilikuwa kwenye karatasi. Mswada ukiwasilishwa, unasomwa jina lake kisha unapelekwa Kamati ya Kanuni, ambako walio wengi ni watu wa Spika. Ukikaliwa pale, umekwisha. Hakuna kura ya kuukataa, kwa hiyo hakuna jina la aliyeuua, na mwananchi anayeuliza ataambiwa tu kwamba uko kwenye kamati. Kinyume chake ni mswada ganda: unapitishwa mapema ukibadilisha neno moja lisilo na uzito, unasomwa kwa siku tofauti kama katiba inavyodai, halafu siku za mwisho za Mei unatobolewa na kujazwa mamia ya kurasa. Masharti ya kusomwa mara tatu yanahesabiwa yametimia. Zinabaki kura 60 kati ya 118, ambazo Spika alishazihesabu.

Kuhusu mipaka, hapa ndipo nyumbani kunaposhinda, na sisi hatupendi kukiri. Kenya mipaka ya maeneo bunge ni kazi ya IEBC, tume ya uchaguzi. Kelele ni nyingi, lakini anayechora si mbunge anayetetea kiti chake. Illinois wabunge wanajichorea. Wakishindwa kuelewana, chama kitakachokuwa na sauti ya mwisho kinapatikana kwa kuchota jina. Mwaka 1981 Wademocrat walishinda bahati nasibu hiyo na ramani ikawa ya Madigan. Mwaka 2016 wananchi zaidi ya nusu milioni walitia sahihi kutaka tume huru. Wakili aliye karibu na Spika akaongoza kesi ya kupinga, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikalitupa ombi hilo kwa majaji 4 dhidi ya 3.

Sasa stima. ComEd ilihitaji sheria, ya 2011 na ya 2016 zikiwa kubwa. Haikupeleka bahasha kwa Spika. Ilikuwa na mshauri mwenye mkataba halali, na chini ya mshauri huyo wakawekwa wakandarasi wadogo: wanasiasa wastaafu na makapteni, yaani watafuta kura wa chama mitaani, wa Wadi ya 13, ngome ya Madigan karibu na uwanja wa ndege wa Midway. Kila mmoja alipata maelfu ya dola kwa mwezi bila kazi ya kuonyesha. Sisi tuna jina lao: wafanyakazi hewa. Mkaguzi aliyefungua vitabu aliona ankara ya mshauri mmoja tu, ndiyo maana mpango ulidumu kutoka 2011 hadi 2019 na kufikisha zaidi ya dola milioni 1.3. Aliyepeleka majina kwenye kampuni alikuwa Michael McClain, mbunge wa zamani aliyegeuka mshawishi. Kwenye mazungumzo yake Spika aliitwa "rafiki yetu." Kosa lilikuwa kuamini kwamba mtu asiye na simu ya mkononi hawezi kurekodiwa. FBI walinasa simu za McClain, na diwani mmoja wa Chicago, Danny Solis, akakubali kurekodi kwa siri.

Julai 2020 ComEd ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200. Februari 2025 jopo la raia 12 lilimtia Madigan hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, likamwachilia kwa 7, na kwa 6 halikuafikiana. Juni 13 alihukumiwa miaka saba na nusu na faini ya dola milioni 2.5.

Wanaosema "kule sheria inafanya kazi" waangalie iliyofanya kazi ni ya nani. Waliomshtaki ni waendesha mashtaka wa serikali kuu, ambao mishahara yao haipitishwi Springfield, makao makuu ya jimbo. Mwanasheria Mkuu wa Illinois kutoka 2003 hadi 2019 alikuwa Lisa Madigan, binti yake. Hapo ndipo Kenya inapofanana zaidi na Illinois kuliko tunavyodhani: gavana au spika wa kaunti hushtakiwa na ofisi zilizo nje ya kaunti, lakini juu ya Nairobi hakuna ofisi nyingine. Na Ibara ya 99 inamruhusu aliyehukumiwa kugombea mpaka rufaa zote ziishe, jambo ambalo mawakili wazuri hulirefusha kama mpira.

Wapiga kura nao? Mkono mtupu haulambwi, Kisumu au Chicago. Kwetu mheshimiwa anatafutwa kwa basari na mazishi, na NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, imempa mfuko wa kisheria. Wadi ya 13 kapteni alileta pipa jipya la taka, akaondoa mti uliokauka, akatafutia kijana kazi. Mwaka 2016, tayari magazeti yakiwa yameandika mengi, Madigan alishinda mchujo kwa karibu theluthi mbili ya kura. Darasa la NG-CDF lenye jina la mbunge ukutani linakera, lakini angalau mtu anaweza kwenda kuhesabu mabati.

Alipojiuzulu, hakukuwa na uchaguzi mdogo. Kenya kiti kikiwa wazi, masanduku yanarudi shuleni ndani ya siku 90. Illinois mrithi anateuliwa na viongozi wa chama wa eneo hilo, kura zao zikipimwa kwa uzito wa wadi zao, na Madigan peke yake alikuwa na zaidi ya nusu ya uzito huo. Akamteua kijana, Edward Guerra Kodatt. Siku chache baadaye Madigan huyohuyo akamtaka aondoke kwa tuhuma za mwenendo, akaondoka, na wiki hiyohiyo akateuliwa mwingine. Kwa sheria ya jimbo, Kodatt alistahili mshahara wa mwezi mzima.