Mikoko haitumi majani mwambani, inatuma samaki

Kampeni ya kupanda mikoko ikifika Tanga, maelezo huwa yale yale: mikoko inaangusha majani, majani yanaoza, maji yanayabeba hadi mwambani kwenye matumbawe, samaki wanakula, mvuvi anapata. Maelezo hayo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotufanya tuhesabu miche iliyopandwa huku tukisahau njia ambazo chakula kinapita.

Jani la mkoko likianguka halifiki mbali. Mengi hukokotwa na kaa hadi mashimoni kabla maji hayajajaa. Jani bichi lina tanini nyingi (kemikali chungu) na nitrojeni kidogo, kwa hiyo viumbe wachache tu wanalimudu. Linakuwa chakula cha maana likishashambuliwa na bakteria na kuvu, au likishapita tumboni mwa kaa. Yanayobaki hutoka na maji kupwa, na mengi ya hayo hukwama kwenye nyasi bahari zilizo mbele ya mikoko. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, watafiti wa miaka ya 1990 waliifuatilia kaboni, kwa sababu kaboni ya mkoko ina alama tofauti na ya nyasi bahari. Alama ya mikoko ilififia haraka ndani ya nyasi, na maji yalipojaa vipande vya nyasi bahari vilirudishwa mikokoni. Mzigo unakwenda na kurudi, lakini hausafiri mbali.

Kinachofika mwambani kwa wingi ni samaki wenyewe. Samaki wengi wa aina za changu doa na tembo huanza maisha kwenye mikoko na nyasi bahari, kisha wakikua huhamia kwenye matumbawe. Ushahidi umo kichwani mwao. Kila samaki wa aina hii ana vijiwe vidogo vya sikio vinavyokua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubeba alama ya kemikali ya mahali samaki alipokuwa wakati huo. Ukichonga katikati ya kijiwe unasoma utoto. Ukichonga ukingoni unasoma miezi ya mwisho. Vijiwe vya samaki waliovuliwa kwenye miamba ya Tanzania vimeonyesha kwamba wakubwa wengi walilelewa mikokoni au kwenye nyasi bahari. Jani ambalo lisingefika mwambani limeliwa na kaa na kamba wadogo, hao wakaliwa na changu mchanga, naye akavuka kwa mapezi yake.

Safari hiyo haifanyiki mara moja maishani tu. Kwetu bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, na mikoko mingi hukauka kabisa maji yakitoka. Samaki wadogo huingia kati ya mizizi maji yakijaa, na yakianza kupwa hawana budi kurudi kwenye vijito na kwenye nyasi bahari. Kwa saa kadhaa kizazi kizima kimebanana kwenye ukanda mwembamba. Hapo ndipo kokoro linapokokotwa, na hapo ndipo uzio wa nyavu zenye macho madogo unapofunga mdomo wa kijito. Kokoro limekatazwa kisheria, ila linazungumzwa kana kwamba kosa lake ni kuvua wadogo tu. Linang'oa pia nyasi zinazowaficha watakaobaki, na baadhi ya aina za nyasi huchukua miaka kurudi zikishang'olewa pamoja na mizizi.

Usiku kuna msafara wa kwenda upande wa pili. Baadhi ya samaki wanaojificha mwambani mchana hutoka jua likizama, wanakula kwenye nyasi, wanarudi alfajiri na kuacha kinyesi na mkojo juu ya matumbawe. Ni mbolea. Kwenye visiwa vya Karibi, utafiti uliotolewa mwaka 1983 ulionyesha kuwa matumbawe yenye makundi ya samaki wa namna hiyo yalikua haraka kuliko yale yasiyo nao. Sioni kwa nini mvuvi wa Kigombe au Tongoni asielezwe habari hii, maana inampa sababu ya kulinda nyasi ambazo wengi huziona ni uchafu unaonasa nyavu.

Tanga ilianza mapema kukubaliana na vijiji kufunga baadhi ya miamba, tangu miaka ya 1990, na mwaka 2009 ikapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Naunga mkono kufunga miamba. Ila mwamba uliofungwa wakati nyasi za jirani zinakokotwa kila bamvua ni ghala lenye kufuli ambalo barabara ya kuletea mzigo imekatwa. BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, ikikaa kuchora mpaka, nashauri mstari mmoja upite kwenye mdomo wa kijito, ushuke kwenye nyasi, uishie mwambani. Eneo likiwa dogo lakini limeunganika, mimi nalipendelea kuliko mwamba mkubwa uliojitenga.

Sasa upandaji. Kosa kubwa ni kupanda chini mno. Miche ya mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka, na tope tupu la mbele halina mgogoro wa ardhi, kwa hiyo watu hushuka hadi kwenye nyasi bahari. Huko mche unazama muda mrefu mno, chaza wadogo na viumbe wengine wenye magamba wanaung'ang'ania hadi unalala, na nyasi zilizokuwa zikilea samaki zimekanyagwa. Tazama mlilana, aina ya mkoko unaoota mbele kabisa, wa mwisho upande wa bahari ulioota wenyewe. Chini ya mstari wake usipande kitu.

Mara nyingi hata kupanda hakuhitajiki. Penye mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa, fukua tuta pale kijito cha zamani kilipopita, mfereji ushuke hadi usawa wa kijito chenyewe, kisha angalia bamvua inayofuata. Maji yaingie na yatoke yote. Yakituama, jua linayakausha, chumvi inapanda, mizizi inakosa hewa, chimba tena. Maji yakishatembea, mbegu za mchu (mti mwingine wa jamii ya mikoko) na miche ya mkoko vitaletwa na bahari yenyewe, mradi kuna miti mama jirani. Barabara inayokatiza mikoko ina ugonjwa huo huo: kalavati lililowekwa juu kuliko kitako cha kijito linapitisha maji ya bamvua tu, na samaki wanabaki nje siku nyingine zote.

Mito nayo imo kwenye hesabu. Pangani huleta maji baridi, mchanga na rutuba kutoka Kilimanjaro na Meru, lakini tangu bwawa la Nyumba ya Mungu lijengwe miaka ya 1960, sehemu ya tope hubaki bwawani na mafuriko yamesawazishwa. Chumvi hupanda mtoni kiangazi, na ufuko unakosa mchanga wa kujazia ule unaoliwa na mawimbi. Kinyume chake, mto unaotoka kwenye miteremko iliyofyekwa huleta udongo mwingi kupita kiasi, na udongo ule ule unaolisha mikoko huyafunika matumbawe. Kamba wanajali majira zaidi ya wastani wa mwaka: wachanga huingia milangoni mwa mito kukua, kisha hutoka baharini, na mafuriko ya mvua huwasukuma. Msumbiji wameliona hilo kwenye Benki ya Sofala, eneo la bahari lenye kina kifupi, baada ya mto Zambezi kufungwa kwa bwawa la Cahora Bassa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji ya mazingira katika nafasi ya pili, baada ya matumizi ya nyumbani na kabla ya kilimo na umeme. Wavuvi wa Pangani wakiandika kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, wasiombe "maji zaidi". Waombe maji ya masika yaachiwe wakati wa masika, kwa siku zinazotajwa, na wataje kijito, aina ya samaki na mwezi ambao wadogo huonekana.