Painti ya Mwisho ya Mzee

Siku niliyokwenda na wafanyakazi wenzangu kuonja bia za mashambani huko Uingereza, kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijaketi. Mwenye baa aliniuliza nitakunywa nini, nami, kwa mazoea ya mtu aliyekulia Moshi, ambako mhudumu hafungui chupa kabla ya kukuuliza unataka ya baridi au ya moto, nilimjibu kwa adabu kwamba nitakunywa yoyote ile ilimradi iwe ya baridi sana, na kama ana barafu asininyime. Kaunta nzima ilinyamaza. Wenzangu watano, ambao nilipanda nao treni asubuhi hiyo kutoka Birmingham hadi Ledbury, katika kaunti ya Herefordshire, walianza kutazama viatu vyao.

Mmoja wao, mhasibu mpole ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, alikuwa mwanachama wa CAMRA, chama kilichoanzishwa mwaka 1971 kuitetea bia ya asili isimezwe na bia za viwanda vikubwa. Alimwomba mwenye baa ruhusa, akanishusha ghalani chini ya sakafu, na huko ulimi wake ukafunguka. Pipa la painti 72, na painti ni bilauri ya zaidi kidogo ya nusu lita, lilikuwa limelazwa ubavu, na bia iliyokuwamo, alisema, ilikuwa hai: hamira bado inafanya kazi ndani yake, ndiyo maana haitiwi gesi, na hutunzwa kwenye nyuzi 12 hivi, si kwenye jokofu. Juu ya pipa palichomekwa kijiti chepesi ambacho povu lilikuwa likitokota taratibu kukizunguka. “Inapumua,” alininong’oneza, kama mtu aliye kando ya kitanda cha mtoto. “Ukiiziba, itakutafutia njia.” Akaniambia pia kwamba bia nyingi za namna hiyo husafishwa kwa utomvu wa mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, ambao hukokota machicha yote hadi chini, na kwa hiyo bia iliyotunzwa vizuri huwa angavu. Nilicheka, kwa kuwa mabondo niliyoyajua mimi ni yale ya sangara yanayogombewa Mwanza.

Nilitoka ghalani nikiwa mtaalamu. Tulitembea saa nzima kando ya mashamba ya hopsi, mimea inayoipa bia uchungu wake, ambayo hutambaa kwenye kamba zilizoning’inizwa juu ya nguzo ndefu kupita nyumba, na katika baa ya pili niliinua bilauri dirishani, nikainusa, nikafumba macho kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi umeme wetu aliuliza kama ninaonja au ninasali.

Baa ya tatu ilijaa watu. Zamu ya kununua ilikuwa yangu, na zamu kwa Waingereza ni deni zito: unawanunulia wote au uhame mji. Niliiacha painti yangu kaunta, nikawapelekea wenzangu zao, nikarudi, nikainyanyua, nikapiga funda moja. Ilikuwa kali kiasi cha kunifumbisha jicho moja. Niliielekeza kwenye mwanga, nikaona ukungu mtupu, kama mbege iliyoletwa kwenye kata, tena bila povu.

Desturi ya huko ni kwamba bia ikiharibika unairudisha kimya kimya na kupewa nyingine. Mimi sikuirudisha kimya kimya. Nilimweleza binti wa kaunta kwamba mabondo hayakufanya kazi, kwamba hamira imekufa, na kwamba pipa lilichelewa kuzibuliwa. Alijaribu mara mbili kusema jambo, lakini nilikuwa nimefika hoja ya tatu. Hatimaye akaimwaga yote kwenye sinki.

Ndipo mzee mmoja alipotoka msalani akijifuta mikono kwenye suruali, akasimama pale pale, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama kutazama chini ya stuli. Binti alinionyesha kwa kidevu. Niliyoirudisha haikuwa bia. Ilikuwa saida, pombe ya matufaha ya shamba la mzee mwenyewe, ambayo kwa asili yake ni kali na ina ukungu, na pipa lilikuwa limeishia kwenye painti ile. Bia yangu ilikuwa shubiri mbili tu kutoka hapo, imetulia, angavu kama maji ya mtungi. Neno pekee lililonitoka lilikuwa “Shikamoo!” Mzee akalifikiria, akaitikia kwa kichwa.

Hakutaka nimlipe. Alinivusha barabara hadi kwake, akanijazia dumu la plastiki lililokuwa la maziwa, ili siku nyingine, alisema, niijue nikiiona.

Kwenye treni ya kurudi niliona haya kwa harufu, kwa hiyo nilikikaza kifuniko kwa mikono miwili na kulisukuma dumu chini ya kiti, karibu na bomba la joto. Tulipopita Worcester lilikuwa limevimba kama chura. Mhasibu ndiye aliyeliona. Niliinama haraka kulilegeza, nikasikia mlio kama wa chupa ya harusi, na nilipofumbua macho shati langu lilikuwa limelowa hadi kiunoni, naye miwani yake ilikuwa ikichuruzika. Aliivua, akaifuta kwa tai, akalamba mdomo wa juu polepole.

“Hii,” aliniuliza, “ndiyo uliyoirudisha?”