Tartani ni ya yeyote, pini ina mahali pake
Makala moja kuhusu kilti, sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, inadai asiye wa ukoo fulani haruhusiwi kuvaa tartani ya ukoo huo, yaani kitambaa chake cha miraba ya rangi. Hapana, Uskoti haina sheria hiyo. Iliyokuwepo ni ya 1746, nayo ilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti, kilti ikiwemo, ikafutwa 1782. Kwa hiyo rangi chagua uzipendazo.

Lakini namna ya kuivaa kilti ina sababu zake, tusiibeze. Kilti kamili hula hadi yadi 8 za sufu, marinda nyuma, bapa mbele. Ifunge usawa wa kitovu, pindo lifike katikati ya goti. Ukiishusha kama suruali, marinda yanafumuka na nyuma inaning'inia. Mbele vitambaa viwili hulaliana, na pini ishike cha juu peke yake. Ukishonanisha vyote viwili, siku utakapokaa vibaya sufu itachanika.