Bima ya data zilizovuja: nani Lubumbashi anaihitaji kweli?

Mkandarasi mdogo wa Lubumbashi anayepeleka madereva, walinzi au wapishi kwenye migodi ya Likasi na Kolwezi hajihesabu kuwa mtu wa data. Hata hivyo, ukifungua kompyuta ya ofisi yake utakuta picha za kadi za mpiga kura za wafanyakazi wake wote, namba zao za benki na za M-Pesa, vyeti vya daktari, orodha ya mishahara, na pengine neno la siri linalomwingiza katika mfumo wa manunuzi wa mgodi wenyewe. Je, mtu huyu akate bima ya dhima ya mtandaoni, yaani ile inayobeba gharama na madai pale taarifa za watu alizokabidhiwa zinapovuja au kuibwa?

Wanaoitetea bima hiyo wana hoja nzito. Mwaka 2013 wadukuzi waliiba taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target nchini Marekani, na walipitia kwa mkandarasi mdogo wa mitambo ya ubaridi, ambaye neno lake la siri lilikuwa limeibwa. Mkandarasi wa kwetu akiwa mlango wa namna hiyo, mgodi utamdai fidia, na deni hilo laweza kuzidi thamani ya magari yake yote. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamwajibisha anayehifadhi data binafsi kuzilinda. Lakini faida ninayoithamini kuliko fidia yenyewe ni msaada unaoambatana na mkataba mzuri: mtaalamu wa kuchunguza jinsi wezi walivyoingia, mwanasheria, na watu wa kuwaarifu waliodhurika. Katika mji ambako kompyuta iliyoshambuliwa hupelekwa kwa fundi yule yule anayeuza wino wa printa, msaada huo hauna mbadala, mradi tu upatikane kwa Kifaransa au Kiswahili na usiku huo huo, maana wezi hawangojei Jumatatu.

Upande wa pili unaanzia kwenye vifungu ambavyo wengi hawavisomi. Hasara ambayo kila mfanyabiashara wa hapa ameshaisikia ni ile ya ankara: barua pepe inafika, inafanana kabisa na ya msambazaji wa siku zote, ila namba ya akaunti imebadilishwa, na karani anatuma dola kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hakuna data ya mteja iliyovuja wala mtu wa nje anayedai. Kwa hiyo mkataba wa dhima peke yake haulipi, na mikataba mipana zaidi mara nyingi huweka kikomo kidogo kwa ulaghai wa aina hiyo. Anayenunua bima akidhani amejikinga na ankara bandia atakuwa amelipia kinga ya ugonjwa mwingine.

Kipo pia kifungu cha vita, yaani kile kinachoiondolea kampuni ya bima wajibu wa kulipa hasara iliyoletwa na vita. Baada ya shambulio la NotPetya la Juni 2017, kirusi cha kompyuta kilichohusishwa na jeshi la Urusi, kampuni ya dawa ya Merck ilidai dola zipatazo bilioni 1.4, kampuni zake za bima zikajibu kwamba hicho kilikuwa kitendo cha vita, na shauri likaburutwa mpaka yalipofikiwa mapatano Januari 2024. Wakati huo huo soko la bima la Lloyd's la London lilikuwa limekwisha kuagiza kwamba kuanzia tarehe 31 Machi 2023 mikataba ya mtandaoni iondoe waziwazi mashambulio fulani yanayoungwa mkono na mataifa. Mwenye tawi Goma au Bukavu akisome kifungu hicho mara mbili.

Fomu ya maombi nayo ina meno. Mwaka 2022 kampuni ya bima ya Travelers ya Marekani ilikwenda mahakamani kufuta mkataba wa mteja aliyeandika kwamba anatumia uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri pamoja na ithibati ya pili, kama namba inayotumwa kwenye simu) kumbe haukuwa umewekwa kama alivyodai, na mteja akakubali mkataba ufutwe. Kwetu asiransi ya gari tunaikata kwa kumwogopa polisi wa barabarani, na fomu yake tunaijaza tukiwa tumesimama. Tabia hiyo haifai hapa.

Kuhusu soko, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na kuruhusu kampuni binafsi, lakini inataka hatari zilizoko nchini zikatiwe bima kwa kampuni zilizoidhinishwa nchini, kwa hiyo njia ya kununua mkataba London kwa intaneti haipo.

Kwa maoni yangu, duka la vipuri la mtaa wa Kamalondo lisilohifadhi zaidi ya namba za simu za wateja halina haja nayo. Fedha hiyo inunue diski ya nje ya kuwekea nakala kila jioni, na iwepo kanuni kwamba akaunti mpya ya msambazaji haitumiwi fedha kabla ya kumpigia kwa namba ya zamani. Zahanati na mkandarasi wa migodi ni kesi nyingine: waanze na hatua hizo hizo, kwa sababu fomu itaziuliza, kisha wakate bima, na mkandarasi aiweke ada yake ndani ya bei anayoupelekea mgodi, kwa kuwa mgodi ndio unaofaidika zaidi na kinga hiyo.