Namba kubwa kwenye pawabenki ndiyo ya kutiliwa shaka

Ukiulizia pawabenki Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, muuzaji atakuuliza kwanza: unataka ya ngapi? Zipo za elfu kumi, ishirini, thelathini, na siku hizi hata hamsini. Mnunuzi naye hujibu kwa namba, kana kwamba ananunua mchele kwa picha ya gunia. Mimi naona namba hiyo iliyochapwa mbele ya boksi ni ya mwisho kuangaliwa, na ikiwa kubwa mno kwa bei ndogo mno, kifaa kirudi kwenye kabati la kioo. Mtu mwenye simu moja na umeme wa kukatikakatika anatoshwa na pawabenki ya 10,000 mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) iliyo ya kweli. Ile ya 50,000 inayouzwa shilingi 15,000 za Tanzania haimfikishi popote.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hata pawabenki halali huwachanganya watu. Ndani yake mna seli za lithiamu zenye volti 3.7, na mAh za kwenye boksi huhesabiwa kwa volti hizo. Tundu la USB hutoa volti 5, kwa hiyo kuna bodi ndogo inayopandisha volti, nayo hula umeme wakati wa kupandisha. Chukua 10,000, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: unapata wati-saa 37, ambazo lebo huziandika Wh. Huo ndio umeme wote uliomo. Bodi nzuri hupoteza karibu asilimia 15, zinabaki kama 31. Simu nayo inapoupokea umeme huo hupata joto na kupoteza tena, hivyo zinazoingia kwenye betri ni 27 hivi. Betri ya simu ya 5,000 mAh hubeba wati-saa 19 na kitu. Kwa hiyo pawabenki ya elfu kumi isiyo na udanganyifu wowote hujaza simu ya elfu tano mara moja na karibu nusu nyingine. Anayelalamika kwamba haikufika mara mbili hakuuziwa feki, ila alipiga hesabu kwa namba isiyo yake.

Namba ya kutafuta iko nyuma ya kifaa, kwa maandishi madogo ya Kiingereza: Rated Capacity, yaani uwezo halisi. Kwenye pawabenki ya 10,000 mAh iliyo ya kweli utakuta kitu kati ya 5,500 na 6,500 mAh, pamoja na volti 5 zilizotumika kupima. Kampuni inayojiheshimu huandika hilo, na huandika Wh pia. Boksi lenye 30,000 kwa herufi za dhahabu, halafu nyuma hakuna Wh wala uwezo halisi, liache hapo hapo. Hata muuzaji akikuapia kwa mama yake.

Uzito nao unasema mengi. Seli ya mviringo iliyozoeleka inaitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zile bora kabisa hubeba mAh 3,500 hivi. Kufikisha 50,000 unahitaji seli 15, ambazo peke yake, bila ganda wala bodi, zinakaribia gramu 700. Kama kinachoitwa 50,000 kina uzito wa simu na kinaingia mfuko wa shati, hakuna fizikia ya kukitetea. Pawabenki ya kweli ya 10,000 huwa na gramu 180 hadi 250, na ya 20,000 huwa karibu gramu 350 hadi 450.

Lakini uzito unaweza kukuhakikishia feki tu, hauwezi kukuhakikishia halali. Wapo wanaofungua ganda la nafasi sita, wakaweka seli moja au mbili, na nafasi zilizobaki wakazijaza mchanga au vipande vya chuma. Wengine hawajazi mchanga. Huchukua seli zilizochoka kutoka kwenye betri za kompyuta mpakato, huzivisha plastiki mpya yenye rangi nzuri, na kuzifunga pamoja. Hizi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu wiki ya kwanza hufanya kazi vizuri, kisha seli moja iliyochoka kuliko wenzake huanza kuwavuta chini, na joto linaanzia hapo.

Kipimo cha nyumbani kisicho na gharama ni saa ya ukutani. Chukua chaja ya kawaida ya volti 5 na ampia 2, yaani wati 10, na uhakikishe ni chaja ambayo kweli inatoa ampia hizo. Tumia pawabenki hadi iishe kabisa, kisha ichaji huku ukihesabu saa. Pawabenki ya 20,000 mAh ina wati-saa 74. Kwa chaja ya wati 10 haiwezi kujaa kabla ya takribani saa saba na nusu hata kama hakuna kinachopotea, na kwa hali halisi huchukua saa nane na nusu hadi tisa. Ikijaa kwa saa tatu, ujue imemeza wati-saa 30 kwa wingi wake, na kilichomo hakifiki mAh 7,000. Kipimo hiki kifanye ndani ya muda ambao duka linakubali kurudishiwa bidhaa. Anayenunua mara kwa mara, kwa mfano mwenye kibanda cha kuuza vifaa vya simu, anunue kile kipima-USB kidogo chenye kioo kinachoonyesha volti, ampia na Wh. Taa nne za pembeni zisikudanganye. Kwenye vifaa vingi vya bei rahisi hufuata volti tu, ndiyo maana taa ya kwanza hukaa sana na tatu zilizobaki huzima zikifuatana.

Kabla ya kuilaumu pawabenki, angalia waya. Waya mwingi wa barabarani una nyuzi nyembamba za unene wa 28 AWG kwenye njia ya umeme. Mita moja ya waya huo, kwenda na kurudi, hupunguza karibu volti 0.85 unapopitisha ampia 2. Simu iliyotarajia volti 5 inapata 4 na kidogo, inaona mambo si mazuri, inapunguza kasi hadi ampia moja au chini yake. Waya wa unene wa 24 AWG hupoteza chini ya nusu ya hapo. Kwenye baadhi ya nyaya imechapwa namba mbili, 28AWG/1P na 24AWG/2C: ya kwanza ni ya data, ya pili ndiyo ya umeme, na ukubwa wa namba unakwenda kinyume na unene. Ukipata wa sentimita 25 au 30 kwa ajili ya pawabenki, ni bora zaidi, kwani upotevu unapungua kwa urefu. Waya mrefu wa mita mbili uache kwa ajili ya kitandani.

Kuhusu chaji ya kasi nina neno moja tu. Wati 45 au 67 zilizoandikwa kwenye boksi la simu mara nyingi hupatikana kwa chaja na waya wa kampuni hiyo hiyo. Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja, Transsion, ambayo pia ndiyo yenye chapa ya Oraimo, lakini usidhani kila pawabenki itazungumza lugha ya kila simu. Isipoelewana, simu hurudi kwenye wati 10 au 18. Tena zile wati 22.5 za pawabenki ni za tundu moja likiwa peke yake. Chomeka simu ya pili na nyingi hushuka, jumla inakuwa wati 15 za kugawana.

Matumizi ambayo naona hayazungumzwi vya kutosha ni kuwasha ruta ya intaneti umeme ukikatika. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, ampia 1 au chini. Kuna waya maalumu unaotoka USB volti 5 na kupandisha hadi 12, upande wa pili una pini ya mviringo. Ruta iliyoandikwa wati 12 kwa kawaida hutumia wati 6 hadi 8, kwa hiyo pawabenki halali ya 10,000 itaiendesha karibu saa nne. Mambo ya kuangalia kabla ya kuchomeka: waya uwe wa volti 12, kwa kuwa upo unaofanana nao wa volti 9, pini iingie bila kulegea, na nyuma ya ruta uone mchoro unaoonyesha chanya iko katikati. Ruta ya ampia 1.5 au 2 usijaribu, kwani itakuwa inajizima na kujiwasha kila watu wawili wanapofungua video. Na usiiache pawabenki imechomekwa ukutani na kwenye ruta kwa pamoja ukidhani imekuwa UPS, kile kifaa kinachoendeleza umeme bila kukatika. Nyingi hukata umeme kwa sekunde moja au mbili zinapohama kutoka kuchajiwa kwenda kuchaji, na ruta inaanza upya, achilia mbali joto la kufanya kazi mbili.

Kinyume cha ruta ni vifaa vidogo. Saa za mkononi na vile vifaa vya sikioni huvuta umeme kidogo mno, na pawabenki ikiona chini ya takribani miliampia 50 hadi 100 hudhani hakuna kitu, inajizima. Si mbovu. Nyingi zina hali ya umeme mdogo: bonyeza kitufe mara mbili haraka, au kishikilie sekunde chache, kutegemea kampuni.

Sasa zile zenye kipande cha sola mgongoni. Hapa sina upole. Kipande cha ukubwa wa kiganja, jua la saa sita mchana, hutoa wati moja hivi. Kujaza wati-saa 74 za pawabenki ya 20,000 kwa wati moja, ukiondoa upotevu, ni zaidi ya saa 90 za jua kali. Kwa jua letu la saa tano au sita za maana kwa siku, ni zaidi ya wiki mbili. Na katika wiki hizo umeianika betri ya lithiamu juani, mahali ambapo haitakiwi kabisa kuwa. Anayehitaji sola anunue paneli ya kukunja ya wati 20 au zaidi, aitandaze juani, na pawabenki ikae kivulini mwishoni mwa waya.

Joto ndilo adui mkubwa wa vifaa hivi katika miji kama Dar es Salaam na Mombasa. Kuchaji lithiamu juu ya nyuzi 45 huizeesha haraka, na dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60. Usiichaji chini ya mto, wala ndani ya begi lililojaa nguo. Kama hutaitumia kwa muda, iache ikiwa nusu, uiongezee kila miezi mitatu. Ikiachwa tupu kabatini mwaka mzima, volti za seli hushuka hadi bodi inakataa kuichaji, na fundi anayeilazimisha iamke anakutafutia moto. Ikivimba, imekwisha. Usiitoboe kutoa hewa, usiibane irudi, usiipe mtoto achezee. Iweke nje, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na vitu vinavyoshika moto, na usiitupe kwenye pipa la taka, kwa sababu mahali zinapobanwa taka ndipo inapotobolewa. Ikishika moto, maji mengi yanafaa, kwa kuwa kazi ni kuipoza isiwake tena. Lakini kwanza ondoka kwenye moshi wake.

Wasafiri wa ndege wana sababu ya ziada ya kusoma maandishi madogo. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Inakwenda na begi la mkononi. Kikomo cha kawaida ni Wh 100, ambazo ni kama 27,000 mAh. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, juu ya 160 haipiti. Mwaka 2025 masharti yalikazwa zaidi: kuanzia Juni 28 China ilipiga marufuku pawabenki zisizo na alama ya 3C, ambayo ni uthibitisho wa usalama wa China, kwenye safari zake za ndani, na kuanzia Oktoba 1 Emirates, ambayo Watanzania na Wakenya wengi huipanda kupitia Dubai, ilizuia kuzitumia ndani ya ndege na kuruhusu moja tu kwa abiria. Afisa wa ukaguzi hapimi kilichomo, anasoma kilichoandikwa. Ile feki ya 50,000 ni Wh 185 kwa maandishi yake yenyewe, basi itachukuliwa hata kama ndani mna seli mbili na mchanga. Na ya kweli ambayo maandishi yake yamefutika kwa kukaa mfukoni na funguo inaweza kuchukuliwa vilevile, kwa hiyo bandika selotepu angavu juu ya lebo siku ile ile unapoinunua.