Tristan da Cunha: wabaki au wahamishwe?

Hakuna makazi ya watu duniani yaliyo mbali na makazi mengine kama kisiwa cha Tristan da Cunha, kusini mwa Atlantiki. Jirani wake wa karibu ni St Helena, zaidi ya kilomita 2,400 kaskazini. Kiwanja cha ndege hakuna. Meli hutoka Cape Town mara chache kwa mwaka, safari ya takriban wiki nzima, na ikifika haiwezi kufunga gati. Abiria na mizigo hushushwa kwa mashua, na bahari ikichafuka meli hukaa nje siku kadhaa, wenyeji wakiiangalia tu.

Jina ni la Mreno aliyekiona mwaka 1506. Watu wa pwani yetu wana sababu nyingine ya kumkumbuka: katika safari hiyohiyo, mwaka 1507, aliitoza Lamu kodi kwa vitisho na kuipora Barawa.

Leo kisiwani wapo watu wasiofika 250, chini ya Uingereza. Je, ni haki kuendelea kuwahudumia huko, au ingekuwa heri wahamishwe?

Hoja ya kuwahamisha ina uzito. Anayehitaji upasuaji mkubwa hana ndege ya kumfuata. Wakazi wengi ni uzao wa waanzilishi wachache, na pumu imeenea miongoni mwao kuliko kawaida. Uchumi unategemea kambakoche: kiwanda chao kilipoungua mwaka 2008, riziki ya kisiwa kizima iliyumba. Tena mfano upo. Mwaka 1930 watu 36 wa mwisho wa St Kilda, huko Uskoti, waliondolewa kwa ombi lao wenyewe.

Lakini Tristan walishahamishwa. Oktoba 1961 ardhi ilipasuka kando kabisa ya kijiji, lava ikafunika kiwanda na fukwe za kutolea mashua. Watu wote, 264, walipelekwa Uingereza na kuwekwa Calshot, kambi ya zamani ya jeshi la anga. Walipata kazi, umeme na maduka. Walipata pia mafua ambayo miili yao haikuyazoea, na wazee kadhaa wakafariki. Desemba 1962 wakapiga kura: 148 walitaka kurudi, 5 tu wakakataa. Mwaka uliofuata wengi wao walikuwa nyumbani, na bandari mpya iliyojengwa baadaye ikapewa jina la Calshot. Ni kweli baadhi waliondoka tena baada ya miaka michache. Hata hivyo, kura ile naiheshimu kuliko hesabu yoyote ya gharama, kwa sababu walioipiga walikuwa wameonja maisha ya pande zote mbili.

Tena maisha waliyoyarudia yana utaratibu wake. Ardhi ni ya wote, mgeni hauziwi. Kila familia ina shamba lake la viazi, na idadi ya mifugo ina kikomo ili mmoja asiwazidi wenzake. Mwaka 2020 walitangaza hifadhi ya bahari ya takriban kilomita za mraba 687,000, ambamo uvuvi wa kibiashara umepigwa marufuku.

Wapo wanaosema dawa ni kiwanja cha ndege. St Helena walijengewa kwa pauni milioni 285, kwa ajili ya watu wasiofika 5,000, na upepo mkali ukachelewesha ndege za abiria hadi Oktoba 2017. Kwa Tristan sioni hesabu hiyo ikikubali. Meli ya uhakika na gati imara zaidi vingewafaa mapema.

Kuwahamisha kwa nguvu kusifikiriwe hata kidogo. Uingereza iliwaondoa Wachagosi, wenyeji wa visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi ya Marekani ya Diego Garcia, na hadi leo wanadai haki ya kurudi. Kinachonitia wasiwasi ni vijana. St Kilda ilishindwa pale wanaume wenye nguvu walipobaki wachache mno. Siku Tristan itakapokosa watu wa kutosha kutoa mashua kuipokea meli, kura ipigwe upya, na iwe yao wenyewe, si ya London.