Konstrukta za Java: tuulize aina mlangoni, au tuiachie kompaila?

Mizigo mingi ya kisiwa cha Lamu huvushwa kwa mashua kutoka gati la Mokowe: unga, mabati, kreti za soda. Nimeandika kwa lugha ya Java programu ya kuisajili mizigo hiyo. Siku moja ilipokea orodha ya asubuhi bila neno, kisha usiku, tulipotaka kuchapisha risiti, ikakatika na ClassCastException, kosa la kuchukua kitu cha aina moja kama cha aina nyingine: LinkedHashMap (ramani ya funguo na thamani) haigeuziki kuwa Mzigo, klasi yangu ya mzigo mmoja. Mstari uliotajwa haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeiambia Jackson, maktaba inayogeuza data ya faili kuwa vitu vya Java, isome List (orodha) tu, bila kuieleza ndani mna nini, nayo ikanijazia ramani badala ya mizigo. Nikaimimina orodha hiyo yote ndani ya Shehena<Mzigo>, klasi yangu ya kubebea vitu vya aina inayotajwa kwenye mabano ya pembe, na kutwa nzima hakuna aliyeihoji.

Tangu hapo mimi na mwenzangu kazini tunabishana. Je, konstrukta (sehemu inayounda kitu kipya) ya klasi ya jeneriki, yaani klasi inayobeba aina yoyote kama Shehena, imlazimishe anayeiita kutaja aina yake? Yaani, badala ya new Shehena<>(), aandike new Shehena<>(Mzigo.class).

Mimi nilianza upande wa kulazimisha. Jeneriki ziliingia Java mwaka 2004, katika toleo la 5, na ilibidi msimbo wa zamani uendelee kufanya kazi. Ndiyo sababu kompaila, programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, ikishakagua aina huzifuta. Programu inapokwenda, Shehena<Mzigo> na Shehena<Abiria> ni klasi ileile moja. Ni sawa na kubandua vibandiko vya makreti pale Mokowe: anayepakia amevisoma, anayepakua Lamu hana cha kusoma. Konstrukta ikipokea Class<T>, yaani kitu kinachoitaja aina yenyewe kama Mzigo.class, na kuitunza kwa jina aina, kila kinachoingia kinapitishwa kwenye aina.cast(kitu), na kisichofaa kinakataliwa palepale, kwenye mstari ulioleta kosa. Kwangu mimi hilo si jambo dogo, maana usiku ule nilitumia saa nyingi kutafuta mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Na Java yenyewe ina mifano. EnumMap, ramani ambayo funguo zake ni za orodha maalumu ya majina (enum), haiundwi tupu bila kutajiwa klasi ya funguo zake, na Collections.checkedList hudai klasi ili ikague kila kinachotiwa.

Mwenzangu hakubali, na hoja yake moja ilinigusa pabaya. Class<T> haiwezi kusema "orodha ya mizigo". Hakuna List<Mzigo>.class katika Java, ipo List.class tu, na hiyo ndiyo iliyoniponza tangu mwanzo. Nikitaka Shehena ya orodha, kizuizi changu kitatazama gunia bila kujua lina unga au saruji. Jackson wana njia ya kulikwepa hilo, TypeReference, inayoundiwa klasi ndogo isiyo na jina ili aina ibaki imeandikwa ndani yake, lakini kuidai kwenye kila konstrukta ni kuwachosha watu.

Tena, konstrukta hiyo haimfungi mzembe kama nilivyodhani. Akiandika Shehena<Mzigo> s = new Shehena(Abiria.class), bila mabano ya pembe, kompaila inapitisha kwa onyo tu. Atanaswa baadaye, atakapotia mzigo wa kwanza. Ni afadhali kuliko kunaswa usiku, nakiri, ila mwenzangu anasema kosa hilo lisingepaswa hata kukompailiwa: washa swichi za kompaila -Xlint:rawtypes na -Xlint:unchecked, ongeza -Werror, na onyo linageuka kosa. Hapo amenishinda. Kwa msimbo tunaouandika wenyewe, swichi hizo zinatosha, na kurudia Mzigo.class kila mahali ni kumweleza kompaila jambo analolijua.

Lakini swichi hizo hazioni kilichomo ndani ya faili. Orodha yangu ilitoka nje, ikapita mahali ambapo nilikuwa nimeandika @SuppressWarnings, alama ya kuyanyamazisha maonyo, kwa mkono wangu, na kompaila haikuwa na la kufanya tena. Hapo ndipo ninaposimama imara: data inapoingia kutoka nje, aina iulizwe, na iulizwe kwenye konstrukta, kwa sababu kitu kikishaundwa hakuna mahali pengine ambapo kila mtu atalazimika kupita.

Tumebaki na klasi mbili. Shehena ya ndani inaundwa bila kuulizwa chochote, na onyo lolote linasimamisha ujenzi wa programu. ShehenaYaNje haina konstrukta isiyo na Class<T>, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kugusa mafaili yanayoletwa kutoka gatini.